Kiinitete cha seli mbili si kipimajoto: jeni za mshtuko wa joto kwenye siku za kwanza za panya

Chukua kiinitete cha panya chenye seli mbili kilichotulia kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Hakijachemshwa wala hakijamwagiwa sumu. Ukiangalia protini mpya zinazotengenezwa humo, utaikuta Hsp70, protini ya mshtuko wa joto, mstari wa mbele. Sasa chukua kiinitete kingine cha umri uleule, kipandishe hadi nyuzi 43 kwa nusu saa, kisha kirudishe mahali pake. Seli ya kawaida ya ngozi ingefurika Hsp70 ndani ya saa chache. Hiki hakiongezi kitu, na mara nyingi kinakufa.

Yaani jeni tunayoiita ya mshtuko wa joto inawaka pasipo joto, na joto likija haisikii. Anayeshika jambo hili moja ataepuka kosa linalojirudia mno kwenye kazi za viinitete vya mapema: kuona Hspa1b, moja ya jeni za Hsp70, imepanda kwenye seli mbili, kisha kuandika kwamba viinitete vilikuwa kwenye msongo. Katika umri huo jeni hii inafuata kwanza saa ya ukuaji. Mazingira yanaweza kuisukuma juu au chini kidogo, lakini si yanayoamua iwake lini.

Tuanze na swichi ya kawaida, maana bila hiyo upekee wa kiinitete hauonekani. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa alichapisha kwamba joto linavimbisha sehemu fulani za kromosomu kubwa za tezi za mate za Drosophila, na uvimbe huo ni alama ya jeni zinazonakiliwa kwa kasi kuwa RNA. Kwa mamalia msimamizi mkuu wa itikio hili ni protini iitwayo HSF1. Seli ikiwa shwari, HSF1 hukaa mojamoja, imeshikwa na chaperoni, yaani protini zinazosaidia nyingine kujikunja sawasawa, Hsp90 na Hsp70 zikiwemo. Joto likipanda, protini nyingi hukunjuka na kuanika sehemu zao za ndani zisizopatana na maji. Chaperoni hukimbilia huko. HSF1 iliyoachwa huru hujiunga tatutatu, na utatu huo hushika DNA kwenye vipande vinavyoitwa HSE. Vipande hivi unaweza kuvitambua kwa macho kwenye mfuatano: nGAAn, kisha kilichogeuzwa, nTTCn, kisha nGAAn tena, angalau vitatu mfululizo, kimoja kwa kila HSF1 iliyomo kwenye utatu. HSF1 huongezewa fosfeti mahali kadhaa, na RNA polimerasi II iliyokuwa imesimama hatua chache tu mbele ya mwanzo wa jeni huachiwa iendelee. Hsp70 ikishajaa na kazi ya kukunja ikipungua, hurudi kuishika HSF1 na swichi hujizima.

Kabla ya kwenda mbali, tunyooshe majina, kwa sababu praima nyingi, vipande vifupi vya DNA vya kupimia jeni, zimeagizwa kimakosa hapa. Jeni ya panya iliyoitwa Hsp70.1 kwenye kazi za zamani leo ni Hspa1b. Hsp70.3 ni Hspa1a. Hsp70.2 ya panya ni Hspa2, jeni ya korodani, na haihusiki kabisa na itikio hili. Kwa binadamu mambo yamepinduka: HSP70-1 ni HSPA1A. Anayesoma ripoti ya panya ya miaka ya 1990 halafu akatafuta jina kwenye hifadhidata ya binadamu ataondoka na jeni jirani. Hspa1a na Hspa1b ziko bega kwa bega kwenye kromosomu ya 17 ya panya, katikati ya eneo la jeni za kinga la MHC, na zote mbili hazina introni, vipande vinavyokatwa kutoka kwenye RNA kabla haijatoa protini. Hspa8 ni ndugu yao anayefanya kazi muda wote, ile iliyoitwa Hsc70, nayo ina introni. Yai la panya lina protini nyingi ya Hspa8 tangu mwanzo, kwa hiyo kiinitete hakikosi chaperoni wa aina ya Hsp70. Kinachokosekana ni uwezo wa kuongeza zaidi pale hali inapobadilika.

Uwezo huo yai liliwahi kuwa nao. Mayai yanayokua ndani ya ovari, yakipashwa joto, hutengeneza Hsp70 kama seli nyingine yoyote. Yakifika ukubwa kamili na kukaribia kutolewa, itikio linatoweka. Si ajabu ukikumbuka kwamba yai lililokomaa limesimamisha karibu unakili wote wa jeni kuwa RNA: kromatini, yaani DNA pamoja na protini za histoni inazozungushiwa, imebanwa, na kazi inaendelea kwa RNA iliyowekwa akiba. Yai hilo likirutubishwa, zaigoti huanza safari ikiwa bubu, ikiishi kwa urithi wa mama.

Ukimya huo unavunjwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 Olivier Bensaude, Charles Babinet, Michel Morange na François Jacob walionyesha kwamba protini za mshtuko wa joto ni miongoni mwa bidhaa kubwa za kwanza za jenomu ya kiinitete chenyewe, kwenye hatua ya seli mbili, bila joto lolote. Mwaka 1995 Elisabeth Christians na wenzake wakasogeza mwanzo nyuma zaidi: unakili wa Hsp70.1 huanza kiinitete kikiwa bado seli moja, hupanda sana mwanzoni mwa seli mbili, kisha huzimwa kabla mzunguko wa pili wa kunakili DNA haujakamilika. Dirisha lote ni la saa chache. Ukichelewa kukusanya, unapima mabaki. Ukiwahi, hupati kitu.

Hivyo jambo la kwanza la kiutendaji ni saa. Kwa desturi panya jike hudungwa PMSG, homoni ya kukuza mayai, uniti 5, na baada ya saa 46 hadi 48 hudungwa hCG, homoni ya kuyatoa, uniti 5, kisha huwekwa na dume. Mayai hutoka takriban saa 12 baada ya hCG. Seli moja hugawanyika kuwa mbili karibu saa ya 30 hivi, na kunakili DNA kwa mara ya pili huanza mara tu baada ya mgawanyiko huo. Tatizo ni kwamba “saa baada ya hCG” ni wastani wa kundi. Ndani ya oviduti moja utakuta zaigoti zilizopishana kwa saa mbili au tatu, na kwa jeni yenye dirisha fupi kiasi hicho, mpishano huo unatosha kutia ukungu kila kitu. Kuna njia mbili za kupona. Moja ni kurutubisha nje ya mwili ili muda wa kuanza ujulikane. Nyingine, ambayo binafsi naiamini zaidi, ni kukaa kwenye darubini wakati wa mgawanyiko wa kwanza na kuchukua kila nusu saa zile tu zilizogawanyika ndani ya nusu saa hiyo. Kazi inachosha, lakini kikundi chenye umri uliohesabiwa tangu mgawanyiko kina thamani kuliko viinitete mia vilivyochanganywa.

Sasa swali lenyewe: nani anaiwasha bila joto?

Promota ya Hspa1b, kipande cha DNA kinachowashia jeni, ina vitu vingi kwenye eneo dogo: TATA, sehemu za kushikwa na protini Sp1, vipande vya GAGA, na HSE. Watafiti wa Ufaransa waliotumia panya waliopandikizwa jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, chini ya promota hii waliona mkono wa HSE na HSF1 kwenye uwashaji huu wa pekee, wakachapisha mwaka 1997. Wenzao wa Italia, waliodunga plasmidi, vipande vya DNA vya duara, kwenye viinitete, waliona Sp1 na protini inayoshika GAGA ndizo zisizoweza kukosekana. Ukisoma haraka utadhani pande mbili zinapingana. Mimi nazisoma kama majibu ya maswali mawili tofauti, kwa sababu chombo cha kupimia si kimoja. Plasmidi iliyodungwa haijavikwa kromatini kwa namna ileile kama kromosomu, na inaingia kwa nakala nyingi mno, kwa hiyo inaonyesha vizuri nani anashika promota iliyo wazi. Jeni iliyopandikizwa ndani ya kromosomu imepitia yai au manii, imefungwa kwa histoni, na inaonyesha nani anahitajika kuifungua au kuiweka wazi. Kwa nzi inajulikana vizuri kwamba protini ya GAGA huweka promota ya hsp70 bila nukleosomu, yaani vifundo vya histoni, hata kabla joto halijaja. Kuona vipande vya GAGA vikijitokeza pia kwenye kiinitete cha panya kunaelekeza kwenye kazi ya namna hiyohiyo ya kutayarisha uwanja.

HSF1 hapa haihitaji joto ili ifanye kazi. Ipo ndani ya yai kama urithi wa mama. Ukifikiria kilichotokea saa chache zilizopita, urutubishaji, nafasi ya protamini, protini zinazofungasha DNA ya manii, kuchukuliwa na histoni, protini za mama kuvunjwa kwa wingi, ni rahisi kuona kwamba mizani kati ya HSF1 na chaperoni si ile ya seli tulivu ya mwilini. Lakini uwepo wa HSF1 hautoshi kueleza mambo, kwa sababu HSF1 hiyohiyo ikipata joto halisi kwenye seli mbili haipandishi jeni zaidi.

Ipo pia sababu ambayo ni rahisi kuisahau. Nakala nyingi zinazotoka kwenye hatua ya seli moja hazikatwi introni sawasawa, kwa hiyo haziwezi kutoa protini kamili. Jeni isiyo na introni haina shida hiyo. Sidai kwamba ndiyo iliyoiweka Hspa1b mstari wa mbele, ila kwa jeni inayotakiwa kutoa protini mapema kabisa ni faida ya wazi.

Kuzimwa kwake kunanivutia zaidi kuliko kuwashwa. Kwenye seli moja, hasa pronukleasi ya baba, kiini kilichotokana na manii, promota hufanya kazi bila kuhitaji enhansa, kipande kingine cha DNA kinachoiongezea nguvu. Kuanzia seli mbili, kromatini inakomaa na kuanza kukandamiza: promota tupu inashuka, na jeni inayotaka kuendelea lazima ipate msaada wa enhansa. Hspa1b haina msaada huo katika umri ule, kwa hiyo inafungwa pamoja na unakili mwingine mwingi wa wimbi la kwanza. Ushahidi kwamba kromatini ndiyo inayobana unatoka kwa dawa zinazozuia histoni kuvuliwa asetili, alama inayolegeza kromatini: zikiwekwa kwenye viinitete hivi, ukandamizaji huo hulegea. Kwenye seli mbili, basi, HSF1 inakuta mlango unafungwa mbele yake, na joto halina wa kumgongea.

Anayetaka kuigusa hatua hii kwa dawa ajue mitego yake. Alfa-amanitini, kwa kawaida karibu maikrogramu 24 kwa mililita, huzima RNA polimerasi II na kuthibitisha kwamba unachopima ni unakili mpya. Lakini huingia polepole, kwa hiyo iwekwe saa kadhaa kabla ya dirisha, si dirisha likishafunguka. Afidikolini huzuia kunakiliwa kwa DNA, na ndiyo ya kuuliza kama kufungwa kunategemea mzunguko wa pili. Ukiiweka mapema mno, unazuia mzunguko wa kwanza pia, kiinitete kinabaki seli moja, na jibu lako linahusu kitu kingine kabisa. Dawa za kuzuia kuvuliwa asetili zina ubaya wa kugusa jenomu nzima. Hspa1b ikibaki juu chini ya dawa hiyo, pima pia jeni mbili tatu zisizohusiana nayo, vinginevyo utakuwa umepima unakili wa jumla na kuupa jina la jeni moja.

Kuhusu Hsf1 yenyewe, jaribio la mwaka 2000 la Christians, Ivor Benjamin na wenzao bado ni la kutazamwa kwa makini. Panya jike wasio na Hsf1 hutoa mayai, na mayai hurutubishwa, lakini viinitete havivuki salama hatua ya zaigoti. Baba akiwa mzima na kuleta nakala nzima ya jeni, haisaidii: kilichokosekana kilitakiwa kiwe kimewekwa ndani ya yai kabla manii hayajafika. Ni mfano safi wa athari ya mama.

Hapo wengi huruka hadi kwenye hitimisho kwamba viinitete hivyo vinakufa kwa kukosa Hsp70.1. Siafiki. Panya waliofutiwa Hspa1a na Hspa1b zote mbili huzaliwa na kuishi. Kama kukosa jeni hizo mbili kungekuwa ndio kifo, wasingezaliwa. Ni kweli kwamba kuzizuia kwa ghafla kwa DNA pinzani, vipande vifupi vinavyonasa RNA ya jeni hizo, kwenye viinitete vya kukuzwa kulipunguza idadi iliyofika blastosisti, hatua ya mpira wa seli wenye uwazi ndani, na kuongeza madhara ya arseniki, lakini kuzuia kwa ghafla ndani ya bakuli na kufuta tangu mwanzo si mtihani mmoja. Kazi zilizofuata zilitoa picha pana zaidi. HSF1 inahitajika ndani ya yai lenyewe kuendesha Hsp90 alfa, na ikikosekana meiosisi, mgawanyiko wa kulikomaza yai, inachelewa na kukwama. Mitokondria zinaharibika na mizani ya oksijeni tendaji inavurugika. Hspa1b kuwaka kwenye seli mbili ni alama nzuri sana ya jenomu kuamka. Kusema ndiyo inayobeba uhai wa kiinitete ni kuipa zaidi ya inachostahili.

Uwezo wa kuitikia joto hurudi taratibu kuelekea morula, hatua ya donge la seli, na blastosisti. Kwenye blastosisti, nusu saa ya nyuzi 43 huleta Hsp70 kwa namna unayoitambua. Wakati huo huo HSF2, ndugu wa HSF1, inajitokeza, na hii inaweza kushika HSE pasipo joto kabisa. Seli za kansa ya kiinitete kama F9 zinaonyesha tabia hiyo wazi. Ndiyo maana siamini jaribio la kushika DNA kwenye jeli kama ushahidi pekee wa itikio la joto katika umri huu. Bendi ya HSE inayoonekana kwenye nyuzi 37 inaweza kuwa HSF2, na bila kingamwili ya kutofautisha HSF1 na HSF2 huwezi kujua.

Kupasha joto viinitete kunaonekana jambo jepesi, na hapo ndipo data nyingi huharibikia. Fikiria tone la maikrolita 50 lililofunikwa mafuta ya madini, ndani ya bakuli la plastiki. Ukilihamisha kwenye inkubeta ya nyuzi 43, skrini ya mlango itasoma 43 ndani ya dakika moja, lakini hewa ni mpashaji dhaifu, plastiki inachelewesha, mafuta yanachelewesha, na tone linapanda polepole kwa dakika nyingi. Kwenye jaribio la dakika 30, sehemu kubwa ya muda huenda viinitete vilikuwa nyuzi 40 au 41. Chomeka kipimajoto cha waya mwembamba ndani ya tone lenyewe, kwenye bakuli la majaribio lisilo na viinitete, uandike mkondo wa joto dakika kwa dakika. Mkondo huo ndio uchapishwe, si namba ya skrini. Njia iliyo bora ni kuviweka viinitete kwenye mirija midogo iliyofungwa, ndani ya maji yanayozungushwa kwa joto thabiti, kwenye kimiminika cha M2 ambacho kina HEPES ya kushikilia pH na hakitegemei hewa ukaa. Vimiminika vya kukuzia vya M16 au KSOM nje ya hewa yenye asilimia 5 ya hewa ukaa hupanda pH ndani ya dakika chache, na mabadiliko ya pH peke yake ni msongo. Wenzao wa kulinganishwa nao wakae kwenye M2 ileile, mirija ileile, muda uleule, kwenye nyuzi 37.

Kila siku ya jaribio iwe na blastosisti, au angalau seli za panya za 3T3, zilizopashwa pamoja. Usipoona Hsp70 kwenye seli mbili, blastosisti ndizo zitakazokuambia kama kiinitete hakijibu au joto halikufika. Matokeo hasi bila kielelezo hiki hayana maana yoyote, na huu si ukali wa kupitiliza.

Kwenye kupima RNA kuna mambo matatu ambayo kila moja linaweza kupindua jibu. La kwanza linatokana na kukosa introni. Kwa jeni nyingi tunaweka praima pande mbili za introni ili DNA iliyosalia ijionyeshe kwa urefu. Kwa Hspa1b hilo haliwezekani: DNA na cDNA, yaani DNA iliyogeuzwa kutoka RNA, hutoa kipande kilekile. Dawa ya DNase ni ya lazima, na kila sampuli iwe na mwenzake usiowekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Mwenzake huyo akitoa ishara iliyo karibu na ya sampuli, sampuli itupwe. La pili, Hspa1a na Hspa1b zinafanana mno kwenye sehemu ya protini, kwa hiyo praima ziwekwe kwenye mkia wa 3' usiotafsiriwa, ambako zinatofautiana, na bidhaa ithibitishwe kwa kusomwa mfuatano.

La tatu linahusu kulinganisha hatua. Kati ya yai na seli mbili, RNA ya mama inavunjwa kwa wingi, na jeni tunazozitumia kama kipimo thabiti kwenye seli za mwilini hazina uthabiti humu. Weka RNA ya nje ya kiasi kinachojulikana, kwa mfano ya globini ya sungura au ya lusiferasi, ndani ya kimiminika cha kuvunjia seli kabla ya uchujaji, na uhesabu kwa kiinitete kimoja kimoja. Kwenye kugeuza RNA, oligo-dT, praima inayoshika mkia wa adenini wa RNA, peke yake inadanganya katika umri huu: RNA ya mama inaweza kurefushwa mkia wa adenini bila nakala mpya hata moja kutengenezwa, nayo ikaonekana kama “imepanda”. Fanya sambamba na praima za nasibu. Ishara ikipanda kwa oligo-dT na kubaki palepale kwa nasibu, umeona mkia ukikua, si jeni ikinakiliwa.

Kwa protini, kumbuka yai moja lina nanogramu 25 hivi tu. Viinitete mia ni takriban maikrogramu 2.5, kiasi kidogo kwa blot ya kawaida, na ukipoteza kumi ndani ya pipeti umepoteza sehemu ya kumi ya sampuli. Tumia kingamwili inayotambua Hsp70 ya kushtuliwa peke yake. C92F3A-5 ni mojawapo. Kingamwili inayoona pia Hspa8 itakuletea bendi nene na nzuri kwenye kila hatua, kwa sababu yai limejaa Hspa8, na utaandika ripoti nzima juu ya protini ambayo haikubadilika.

Njia ya zamani ya methionini yenye salfa-35 bado ina heshima kwangu, kwa sababu inaonyesha kinachotengenezwa sasa badala ya kilichorundikana. Ukiitazama filamu ya jeli nzuri ya seli mbili, bendi ya Hspa8 iko juu kidogo, na chini yake tu, karibu kilodaltoni 68 kwa panya, ile ya kushtuliwa. Umbali kati yake ni mdogo kiasi kwamba jeli ya asilimia 12 fupi itaziunganisha. Asilimia 8 hadi 10, ndefu, iliyoendeshwa polepole, inazitenga. Tahadhari moja zaidi: kwenye hatua hiyohiyo kuna kundi jingine la protini za kilodaltoni zinazokaribia 70, zinazotegemea unakili mpya, ambazo si za mshtuko wa joto. Kwa uzito peke yake zinachanganyika. Jeli ya pande mbili, inayotenganisha kwa chaji kwanza, inamaliza ubishi.

Limebaki suala la mazingira. Kiwango cha Hspa1b kwenye dirisha lake hubadilika kulingana na ukuzaji nje ya mwili. Kiinitete kilichokaa kwenye bakuli si sawa na mwenzake aliyebaki kwenye oviduti, na kimiminika, oksijeni, msongamano wa viinitete kwenye tone na muda wa kuvishika nje ya inkubeta vyote vinaweza kuingia kwenye namba yako. Viinitete vya aina nyingi za panya hukwama kwenye seli mbili vikiwa kwenye M16, na KSOM ilitengenezwa kwa sababu hiyo. Kiinitete kilichokwama kina saa iliyovurugika, na jeni inayofuata saa itakuonyesha uvurugikaji huo hata kama joto halikuguswa. Kwa hiyo kila kundi linalokuzwa kwenye bakuli liwe na kundi la pili la panya wa aina ileile, lililotolewa moja kwa moja kwenye oviduti kwa saa ileile baada ya hCG, likavunjwa ndani ya dakika chache tangu mnyama afe. Hyaluronidasi ya kuondoa seli za kumulasi iwe imeoshwa vizuri kwenye makundi yote mawili, na kazi yote ifanyike kwenye meza yenye joto la nyuzi 37. Meza baridi ya darubini ni kosa la kimyakimya: viinitete hushuka hadi joto la chumba, hurudishwa 37, na kurudi huko juu ni badiliko la joto ambalo halitaandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.